Gari Lililoitwa Kwao

Mama yangu alikuwa akihesabu kengele. Kule Mbozi, jirani na misheni, mtu akifa kengele inagongwa, naye anaacha jembe katikati ya mahindi, anakunja vidole. Akifa mzee wa kanisa, vidole havitoshi. Akifa mtoto wa kibarua wa kahawa, mara tatu, basi, mgongaji karudi kwenye uji wake. "Huyo wa kwetu," mama anasema, anainama tena kulima. Sikio hilo ndilo alilonirithisha, maana shule niliishia darasa la tatu.

Lakini nilitaka kusema habari za gari.

Nilikuwa fundi redio Tunduma, meza yangu inatazamana na kijiwe cha teksi. Asubuhi moja redio ikasema kiwanda fulani cha Japani kinayaita magari yake yarudi, pedeli ya mafuta inanasa. Wiki nzima ni hayo: mama wa Marekani kagonga ukuta, mkubwa wa kiwanda kainama kuomba radhi, hisa zimeshuka. Nikahesabu kwa vidole. Sisi tunaoyapokea yakishachoka huko, hata kidole kimoja hatukupata. Na habari ikiisha tu, tangazo: yadi ya hapahapa mjini, magari safi kutoka Japani, fika ujionee!

Kijiweni walielewa vingine. Kwa watu wa mpakani, kitu kikiitwa kimekamatwa. Madereva watatu wakakimbiza magari Mbozi, wakayafunika majani ya migomba. "Forodha wakiuliza," mmoja akacheka, "semeni ni la marehemu!"

Dereva mwenzao mmoja, mtu wa Kondoa, hakuficha lake. Mpole, hakosi swala, gari kalinunua kwenye yadi hiyohiyo. Juzi yake pedeli ilikuwa imenasa kwenye mteremko wa Chapwa, kambeba mjamzito. Lundo la mchanga ndilo lililowaokoa. Akaja mezani kwangu, hakai, hasimami vizuri.

"Mzee, walilolisema ni hili langu?"

"Hawakusema la mwaka gani."

"Twende tukawaulize. Nina abiria wa Vwawa wananisubiri."

Pale kituo cha redio cha mjini tulimkuta msoma habari, kijana wa tai.

"Wazee wangu, miaka ya magari ilikuwepo. Habari ilikuwa ndefu, tukakata."

"Isome tena, na miaka yake," akasema mtu wa Kondoa.

Kijana akatazama mlango. "Mwenye yadi ndiye anatulipia umeme, mzee."

"Basi nisomee mimi peke yangu."

"Karatasi tulishaitupa."

Mwenzangu akatoa ufunguo wa gari, akauweka mezani mbele ya kijana. "Kaa nao. Mimi sitaki kuua mtu."

Akatoka. Nilidhani anaenda kuswali. Akaupita msikiti, akalipita gari lake, akakipita kizuizi, akaingia upande wa Zambia na kandambili zake, bila mfuko.

"Anarudi saa ngapi?" kijana akaniuliza.

Hakurudi.