Mama Foleni na jiko la mama yake

Asubuhi imeshapamba moto. Juu ya duka la rangi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi amevua viatu na kuvisukumia chini ya meza. Mbele yake kuna kompyuta mbili, chupa ya chai, na feni inayozunguka kama inayolazimishwa. Simu inaita. Anaibana kwa bega bila kuacha kuchapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula! Kutwa umekaa kwenye kiti, hata kula hukumbuki?"

Anacheka mpaka simu inataka kumponyoka. Kazini wanamwita Mama Foleni, kwa kuwa kazi yake ni kupanga foleni ambazo hakuna anayeziona. Kampuni yao hutunza tovuti za watu: ya shule, ya duka la keki, na ya kituo cha afya ambako wagonjwa wa figo huchukua zamu za mashine ya kusafisha damu. Zote zinakaa kwenye seva moja, yaani kompyuta moja inayozihudumia.

"Chukulia ni mgahawa," humweleza kila anayemuuliza kuhusu kazi hiyo. "Mlangoni yuko mhudumu mmoja. Ukitaka picha, anakupa palepale, kama maji ya kunywa. Ukitaka kitu cha kupikwa, mathalani matokeo ya mtoto wako au zamu ya mashine, anapeleka oda jikoni. Sasa jiko likiwa moja, mtu wa keki na mtu wa figo wanagombea sufuria."

Mwaka jana jiko lilikuwa moja. Siku ya matokeo ya mtihani, wazazi waliivamia tovuti ya shule kama nyuki, na ukurasa wa kituo cha afya ukaganda. Zamu hazikuchukulika. Mama yake mzazi, mgonjwa wa figo, alilala na miguu iliyovimba mpaka alipopatiwa mashine.

"Hakunilaumu," husema, akifuta miwani isiyo na vumbi. "Angenilaumu, ningepumua."

Ndipo alipogawa majiko. Kila tovuti ikapata kundi lake la wapishi, yaani programu zinazoandaa kurasa zake, na kila kundi akalipa jina la mtu wa nyumbani. Duka la keki ni Mjomba, kwa sababu hana haraka. Shule ni Shangazi, maana akija haji peke yake. Kituo cha afya ni Mama.

"Siku shangazi yako akijua, utahama mji," bosi wake, bwana mwenye kipara kinachong'aa, anamtania.

"Anajua. Anatamba ana wapishi wengi kuliko mjomba."

Leo matokeo yanatoka saa nne. Saa hiyohiyo kituo cha afya kinafungua zamu za wiki, na mama yake anahitaji moja.

Mama Foleni ana mazoea yake. Asubuhi ya siku nzito huzungukia majiko yote: kila tovuti ina ukurasa mdogo uliofichwa, ambao hutaja jiko ulikopikiwa. Anafungua wa keki: "Nimepikwa kwa Mjomba." Wa shule: "Nimepikwa kwa Shangazi." Wa kituo cha afya: "Nimepikwa kwa Shangazi."

Kikombe cha chai kinabaki hewani.

"Bosi, njoo. Mama yuko jikoni kwa Shangazi."

Wapishi wa Mama wapo, lakini wamekaa bure. Alipoandika mipangilio ya kituo cha afya, alinakili ile ya shule, akabadilisha kila kitu isipokuwa mstari mmoja: ule unaomwambia mhudumu wa mlangoni apeleke oda wapi. Siku za kawaida Shangazi hana kazi nyingi, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

"Zima uwashe!" bosi anapaza sauti. "Saa nne hii hapa!"

"Nikizima, wote wanalala njaa. Hebu tulia, baba."

Anasahihisha mstari. Anaiamuru seva ikague maandishi kama yana kosa, kisha iyasome upya bila kufunga mlango. Anafungua ukurasa tena huku akiuma mdomo.

"Nimepikwa kwa Mama."

Saa nne inagonga. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa grafu ya Shangazi unapanda kama maziwa yanayochemka. Simu za ofisini zinaanza kulia.

"Shule wanalalamika wanasubiri!" bosi anaita, simu sikioni.

"Waambie Shangazi ana wageni. Kila mtu atapata chake."

Ukurasa wa kituo cha afya unafunguka bila kusitasita. Simu yake inaita.

"Nimepata Alhamisi asubuhi," mama yake anasema. "Tena nimebonyeza mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Kwani vidole unavyo wewe tu?"

Mama Foleni anaikumbatia simu kifuani. Kisha anamkumbusha bosi mpango wake: anataka seva ya pili, Shangazi ahamie nyumba yake na wageni wake wote. Bosi ameshakubali, ingawa bado ni kwa mdomo tu.

Simuni bado kuna mtu. "Na mimi unanihamisha?"

"Wewe unabaki hapohapo, mama. Na wapishi wako."

"Haya, waambie wapishi wangu wakupe chakula!"

Mama Foleni anainama, anavitafuta viatu kwa mguu chini ya meza, na kushuka ngazi kwenda kula.