Part three ya Mshonaji niliitunga mwenyewe, na Kikula ikalia

Wakuu, salaam kutoka Likasi.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, enzi nchi bado inaitwa Zaire. Sijaongeza chumvi. Chumvi niliitia siku ile ile, kama mtakavyoona.

Nilikuwa kijana, nachomelea vyuma kwenye kiwanda cha shaba kule Shituru. Jumapili tukitoka misa, tulikuwa na njia moja tu: kwa Shabani.

Shabani alikuwa mfanyabiashara wa mtaani kwetu Kikula, wazazi wake Waislamu waliotoka Maniema. Alikuwa na televisheni, mashine ya kaseti, na sebule iliyozibwa madirisha kwa mablanketi. Hiyo ndiyo ilikuwa sinema yetu.

Hapo nikakutana na Mshonaji. Jina halisi la movie lilikuwa refu, sisi tuliiita hivyo tu.

Ni fundi cherehani aliyekufa. Anakuja mchana kweupe, hasemi neno, anakupima mabega kwa tepu, anaandika kwenye kijitabu, anaondoka. Siku suti yako inapokwisha kushonwa, na wewe umekwisha.

Basi. Hakuna makelele.

Wakuu, niliogopa vibaya. Abakosti yangu, ile suti ya Kizaire isiyovaliwa tai, ilikaa kwa fundi miezi miwili kwa sababu alitaka nirudi anipime kola. Kola gani? Nilikwenda kwenye harusi ya dada yangu na shati la kuazima.

Nikawa mgonjwa wa hiyo movie. Kiwandani niliisimulia mpaka wenzangu wakawa wananikimbia wakati wa chakula.

Part two ilipofika, nilikaa mbele kabisa. Ilikuwa ya Kifaransa, kama ya kwanza.

Jamani.

Mshonaji anaongea! Tena anataniana na watu kabla ya kuwaua. Halafu wakatueleza eti alipigwa na umeme akiwa amekaa kwenye cherehani. Nani aliwauliza? Mimi nilikuwa namwogopa kwa sababu simjui. Ukishanieleza, amekuwa jirani tu mwenye matatizo.

Nilitoka pale nimenuna kama mtu aliyefiwa. Hata hivyo nikasema moyoni, part three watajirekebisha. Shabiki ni mtu wa kusamehe haraka, na hapo ndipo anapoliwa.

Part three ililetwa na dereva mmoja wa lori kutoka Zambia. Shabani alikuwa ameutangazia mtaa mzima, sebule imejaa hadi mlangoni. Akaweka kaseti.

Kiingereza kitupu.

Watu wakaanza kunung'unika. Shabani akanikumbuka: mimi nilikuwa nimesoma Mulungwishi, kwa wamisionari wa Kimarekani. Akaniita mbele, akaniambia nitafsiri.

Sasa ukweli wangu ni huu: Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia na kuombea chakula. Lakini watu wote wale wananitazama, na Shabani ameshaniita professeur mbele yao. Nikasimama kando ya televisheni.

Dakika kumi za kwanza nilijitahidi kubahatisha. Movie yenyewe ilikuwa mbovu kupita ya pili. Watu wamekaa ofisini, wanaongea, wanaongea. Mwanamke wa kofia nyekundu anazunguka na makaratasi. Mshonaji haonekani.

Hasira ikanipanda. Nikasema, kama wao hawamheshimu huyu mzee, mimi nitamheshimu.

Nikawaambia watu yule wa kofia nyekundu ni binti wa Mshonaji. Anamtafuta baba yake, kwa sababu siku alipokufa hakuna aliyemshonea suti yake mwenyewe, akazikwa na nguo za kazi. Ndiyo maana hapumziki.

Mwisho wa movie mwanamke alibeba sanduku akashuka kwenye kisima. Nikasema, ndani ya sanduku mna suti ya baba.

Mama Anyesi, muuza mikate ya mafuta wa pale sokoni, akapangusa macho kwa kitenge. Wiki iliyofuata Shabani alilazimika kuirudia, na mimi nikairudia vile vile, neno kwa neno. Mtaani nikawa naamkiwa kwa heshima.

Kisha ikaja part four. Kifaransa safi.

Mwanamke wa kofia nyekundu akafungua mdomo akasema yeye ni polisi. Na Mshonaji, wakuu, wamempa mbwa. Mbwa wa kuchekesha, mwenye koti.

Kijana mmoja wa sekondari akageuka akaniuliza: "Grand frère, binti iko wapi?"

Shabani akasimamisha mashine. Nilitamani mkeka unimeze. Nikakiri yote, kwamba Kiingereza sikijui, kwamba part three niliitunga, na nikamwomba Shabani msamaha kwa kumwaibisha nyumbani kwake.

Mama Anyesi hakuinuka hata kidogo. Akasema: "Miye nilijua tangu siku ya kwanza. Bale bazungu balikuwa banafunga kinywa, na weye unaendelea tu kusema."

Kicheko kilichotoka pale, sitakisahau. Kumbe nusu ya sebule walijua.

Shabani akaiwasha tena mashine, akaizima sauti kabisa, akanitazama. Nikasimama kando ya televisheni. Nilimrudisha binti, polisi nikamfuta. Mbwa ndiye alinishinda. Kila nikijaribu kumpa maana, nilicheka mwenyewe.

Nilichojifunza: hadithi nzuri ikiisha, iache ilale. Na kama huwezi kuiacha, usiwaachie wenye haraka waiendeleze.

Nyinyi movie gani iliwavunja moyo ilipofika part two? Shusheni hapa tusome.

Ila kama kuna aliyeiona part three na Kiingereza anakijua, mkuu, nakuomba unyamaze.