Mafundo Manane Hadi Siku ya Posho

Kalenga alifungua fundo la mwisho kabla ya jua kutoka, amechuchumaa kwenye majani yaliyolowa, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke Luapula moyo wake ukatulia kidogo. Kamba ilikuwa imenyooka yote. Basi leo ni Jumamosi, siku ya posho, na akikaza mwendo ataingia Elisabethville kabla ya adhuhuri.

Adhuhuri hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi njia nzima. Mwaka ule wa 1931 bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na kampuni iliyomwajiri ilitafuta kisababu chochote cha kumtoa mtu. Alipoomba kwenda kumlilia mama yake kijijini, walimpa karatasi ya ruhusa pamoja na onyo: asipoitikia jina lake Jumamosi adhuhuri, watu wanapopanga mstari wa unga, jina linafutwa na nyumba ya kambini inakwenda kwa mwingine. Ndani ya nyumba hiyo alimwacha mkewe Régine na binti yao Virginie, ambaye hata meno alikuwa hajaota.

Kalenga hakuwa mjinga, niseme mapema, maana wako watakaomcheka. Kalenda hakuwa nayo. Alikuwa na kamba aliyofungiwa na mjomba wake, mafundo manane, kwa kuwa kutoka kwao hadi mjini ni malalo manane. Watu wa kwao huhesabu safari hivyo: kila ukiondoka mahali ulipolala, unafungua fundo moja. Babu yake alibeba chumvi kwa hesabu hiyo na hakuna aliyemlaumu kwa kuchelewa. Siku ya tano Kalenga alikuta mto umefurika, akakaa kwenye kibanda cha wavuvi, akalala, akashinda, akalala tena mpaka maji yalipopungua. Alipoondoka pale alifungua fundo lake kama kawaida.

Nyayo zilikuwa zimepasuka na alizifunga kwa magome ya mti. Mgongoni alikuwa na samaki wakavu wa kumpelekea Régine, na njaa ilimsokota, lakini hakuwagusa. Alitembea, akakimbia, akatembea tena, akisali rozari bila rozari, akihesabu kwa vidole na kupotea katikati. Alimwomba marehemu mama yake amsamehe kwa kuondoka kabla matanga hayajaisha, kisha akamwomba amsukume kwa nyuma.

Njia ya miguu ilipokutana na barabara ya Kasenga alisikia lori likitoka mjini. Lilikuwa limejaa waliofukuzwa: mikeka, sufuria, wanawake na watoto migongoni. Kalenga aliingia majanini kukwepa tope, na tusifichane, aliogopa pia kuwatazama, kana kwamba mkosi wao ungemrukia. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, alijiambia. Sauti ya mwanamke ilipiga ukelele kutoka nyuma ya lori, injini ikaimeza. Yeye aliinua mkono bila kugeuza uso, kama mtu anayewaaga watu wa msiba usiomhusu, akaongeza mwendo.

Moshi wa kiwanda ulipoonekana alilia kwa furaha. Jua lilikuwa bado halijafika utosini alipoingia kambini, na uwanja wa posho ulikuwa mtupu, umefagiliwa. Akafurahi zaidi: amekuwa wa kwanza. Aliketi chini pale mstari unapoanzia, akaweka samaki mapajani, akangoja. Kengele za kanisa zikaanza kulia, akadhani kuna maziko.

Adalbert, karani aliyekuwa akiita majina, alitokea amevaa koti safi, kitabu cha misa mkononi. Alisimama ghafla alipomwona.

"Kalenga, unafanya nini hapa?"

"Niko nangoja appel ya majina, karani. Leo iko siku ya posho."

Adalbert alimtazama miguu, kisha akatazama pembeni. "Posho ilikuwa jana, ndugu yangu. Leo iko yenga, siku ya misa. Jina yako niliita mara tatu."

Kalenga alitoa kamba mfukoni ili amwonyeshe. Alianza kuyataja malalo moja moja, kwa mti, kwa kilima, kwa jina la mwenye moto, na kidole kikapita taratibu juu ya kamba hadi kwenye kibanda cha wavuvi. Hapo kikakwama. Amelala pale usiku mara mbili na kufungua fundo moja. Maji yalikuwa yamekwisha mwagika, na aliyeyamwaga ni yeye mwenyewe, kwa uaminifu wote aliofundishwa.

Aliuliza, kwa sauti ambayo Adalbert alilazimika kuinama kuisikia, Régine yuko wapi.

"Balimupandisha kamyo asubui hii, na mutoto. Balisema bwana wake atamukuta kwabo." Karani alielekeza kwa kitabu cha misa. "Balipita barabara ya Kasenga. Hamukukutana mu njia?"

Kalenga aliuona tena ule mkono wake ukiinuka, na uso wake ukitazama majani, na akatamani ardhi immeze. Adalbert alimwambia aje nyumbani ale, alale siku moja, ingawa wote wawili walijua kwamba karatasi ya ruhusa haikuwa na kazi tena na askari wa kambi wangempitia jioni. Kalenga alitikisa kichwa, akamwachia samaki mmoja kwa ajili ya ukarimu wake, wengine akawafunga upya mgongoni. Aliketi pale pale kwenye uwanja mtupu, kengele zikiendelea, akafunga mafundo manane kwenye kamba. Kisha akasimama na kushika barabara ya Kasenga.