Nyasi za Pimamaji

Mafundi wenzake walimbandika jina la Pimamaji, na wala hawakumwonea. Mtu gani huweka pimamaji, kile kipimo cha fundi cha kujua kama kitu kimelala sawa, juu ya meza yake mwenyewe kabla ya kupakua chakula? Kwa miaka thelathini aliwatandikia watu maegesho ya nyumbani kwa vitofali vya matundu, vile vinavyooteshwa nyasi katikati ili mvua inywewe na ardhi badala ya kufanya bwawa mlangoni. Uani kwake palikuwa tope tupu. Kinyozi hajinyoi.

Mkewe alipokuwa hai, tope lile halikumsumbua mtu. Alipofariki, nyumba ilipoa. Binti yao wa pekee, nesi katika mji wa mbali, alikuja mara moja wakati wa masika, gari likazama hadi likasukumwa na majirani sita. Tangu hapo kila akiitwa alijibu, "Baba, kwa tope lile? Ngoja mvua ziishe." Mvua ziliisha, hakuja. Huenda tope lilikuwa kisingizio, lakini Pimamaji alilishikilia hilohilo, maana tope ni kitu alichokiweza.

Akachimba peke yake. Alimwaga kokoto, akashindilia, akalaza mchanga, akapanga vitofali kimoja kimoja huku mgongo ukimlalamikia. Kila tundu alilijaza udongo, akabakiza nafasi ya vidole viwili juu, ili gurudumu likanyage zege na lisiponde nyasi. Kisha akapandikiza nyasi shina kwa shina, akafunga kamba langoni. Sheria yake ilijulikana: gari lisiingie kwa miezi miwili, mizizi ishike kwanza. Aliwahi kumkatalia tajiri mmoja aliyekuwa akimwoza mwanawe. "Haraka haraka haina baraka," alimwambia, na tajiri wa watu akaegesha barabarani siku ya harusi.

Kila jioni alizimwagilia akizisemesha. Ndiyo, aliongea na nyasi. Usimcheke, nyumba nzima hapakuwa na mwingine wa kuongea naye.

Wiki ya tano, simu ikaita. "Baba, nimepata siku tatu. Jumamosi nakuja kulala."

Pimamaji alifua mashuka mara mbili. Alinunua mto mpya, akaulalia kidogo kuhakikisha ni laini.

Jumamosi saa nne asubuhi honi ikalia langoni. Binti alishuka garini akitabasamu.

"Shikamoo, baba. Haya yote umeyafanya peke yako?"

"Marahaba, mwanangu. Peke yangu."

"Pamependeza! Haya, fungua niingize gari."

Moyo wa mzee ulisema fungua. Mdomo wa fundi ukatangulia.

"Bado wiki tatu, mama. Egesha hapo nje."

"Baba, njia yenyewe nyembamba hivi?"

"Mizizi haijashika."

Kisu alikuwa nacho mfukoni, na kamba ile ilitaka mkato mmoja tu. Hakuikata.

Chai haijapoa, lori la maji likapiga honi. Binti akatoka kusogeza gari. Alirudi, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akauliza habari za mgongo. Kabla hajajibiwa, mkokoteni wa mbao nao ukataka kupita. Mara ya tatu alirudi na funguo mkononi, hakukaa.

"Na usiku nitaliacha wapi, baba? Juzi mwenzangu ameibiwa taa zote za gari. Acha nirudi. Zikishika utaniambia."

Begi lake halikuwa limeshushwa.

"Haya, safari njema," alisema Pimamaji, kwa sauti ileile aliyowaagia wateja.

Aliingia chumba cha mgeni, akakuta kitanda kilivyotandikwa ndivyo kilivyo. Akakaa pembeni yake, akalia, mzee mzima. Saa kumi akapiga simu.

"Umefika?"

"Nimefika, baba."

"Ningekufungulia. Nyasi ningepanda nyingine."

"Si ulisema hazijashika?"

"Nina upweke, mwanangu. Tangu mama yako aondoke nina upweke mno."

"Kwa nini hukusema pale langoni?"

"Pale langoni nilikuwa fundi."

Alimsikia binti akivuta kamasi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuzungumza naye hivyo.

"Nimeshampigia mwenzangu wa hospitalini, nitashika zamu yake kesho," binti alisema hatimaye. "Hawezi tena kubadilisha, ameshasafiri. Likizo nyingine ni baada ya miezi mitano, baba."

Pimamaji alijibu kwamba atangoja. Wiki tatu baadaye nyasi zilishika kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, akaifungua kamba kwa mkono, na lango likakaa wazi kutwa nzima bila gari kuingia.