Upepo Uliofungwa Ndani

Kiwanda chetu kilikuwa nje kidogo ya Eldoret, mji ambao wafanyakazi wengi wakati huo bado waliuita Sisibo, na kazi yake ilikuwa kuchemsha magome ya miwati ili kupata dawa ya kutengenezea ngozi. Nilifika pale katika miaka ya hamsini nikiwa na shahada ya sayansi na suti moja. Meneja, Mzungu, hakujua aniweke wapi. Ofisini viti vilikuwepo, lakini havikuwa vya watu wa rangi yangu, basi akanipeleka karakana. Sasa nimefika makamo, na vijana huniuliza kama sikuona uchungu kushika spana nikiwa na shahada. Uchungu wa kuwekwa kando kwa sababu ya rangi niliuona, na sijausamehe. Ule wa spana sikuuona hata siku moja. Tangu utotoni nilipenda kujua kitu kinafanyaje kazi kuliko kujua kinaitwaje.

Mvuke wa kuchemshia magome uliingia mapipani kupitia vali, na juu ya kila vali palikaa chombo cha chuma, bapa na cha mviringo, tulichokiita ngoma. Ndani ya ngoma mlikuwa na kiwambo cha mpira. Upepo wa kompresa uliingia chini ya kiwambo na kukisukuma juu, nacho kikainua chuma kinachofungua vali. Upepo ukitolewa, springi nene iliyokaa juu ya kiwambo ilirudisha kila kitu chini, na mvuke ukakatika. Ni mashine rahisi kueleweka. Lakini ndani yake nguvu mbili zinasukumana chini ya kifuniko kimoja, na anayekifungua ovyo anaweza kukipokea kifuani.

Ngoma zote zilizoharibika zilipelekwa Nairobi kwa treni. Siku moja ile ya pipa kubwa ilipasuka kiwambo, nami nikamwomba meneja atuachie tuitengeneze wenyewe.

"Leo tu," akasema kwa Kiswahili chake. "Kama hapana shika, hii nakwenda Nairobi, na ingine yote nafuata. Halafu wewe nakwenda stoo, hesabu magunia."

Mwenzangu mezani alikuwa fundi aliyenizidi umri, mtu wa Kakamega aliyewahi kufanya kazi ya reli. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo wake mwepesi zaidi.

"Msomi," aliniambia tulipokuwa tukikata kiwambo kipya, "huko chuoni walikufundisha kukata duara ama kuliangalia tu?"

"Walinifundisha kumuuliza anayejua, Mzee."

"Basi kata nje ya alama. Mpira si ugali, ukipungua hakuna cha kuongeza."

Tulikiweka kiwambo, juu yake sahani ya chuma, kisha springi, kisha kifuniko. Boliti mbili ndefu zilitangulia, zikakivuta kifuniko polepole huku springi ikibanwa. Zile fupi zikafuata, kila moja ikikazwa kwa zamu na ile inayoikabili, ili ukingo usilalie upande. Tukaunga bomba la upepo. Sindano ya geji ikapanda, na chuma cha vali kikainuka taratibu bila kutetemeka. Nilikuwa na hakika na kazi yetu, lakini nilipopaka povu la sabuni ukingoni, upande mmoja likaanza kutokota. Palikuwa panavuja. Ilibidi tuifungue tena, na meneja alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma yetu.

Fundi alinyoosha mkono, akaizungusha koki ya ukutani. "Nimefunga upepo," akasema, akachukua spana.

"Kwisha funga?" meneja akauliza. "Fungua ngoma. Pesi pesi."

Neno lile la kufunga lilinisimamisha. Kwa Kiswahili, mlango hufungwa na mtu hufungwa. Fundi alikuwa ameufunga upepo wa kompresa usije, lakini ule uliokwisha kuingia alikuwa ameufunga pia, kama mahabusu, na uvujaji ule mdogo usingeumaliza upesi.

"Mzee," nikasema, "umeufunga nje ama ndani?"

"Nimeufunga tu. Siku hizi upepo una sebule na chumba?"

"Angalia chuma cha vali."

Akaangalia. Kilikuwa bado kimesimama juu, kama vile koki haijaguswa. Akairudisha spana mezani.

"Nangoja nini?" meneja akauliza.

"Tunangoja upepo utoke, bwana. Ukitoka pamoja na kifuniko, utatoka na sisi pia."

Nikalegeza kizibo kidogo cha pembeni. Upepo ulitoka kwa mluzi mrefu, chuma kikashuka, na sindano ya geji ikalala. Nikaliondoa bomba kabisa, ili hata mtu akiigusa koki kwa bahati mbaya pasiingie kitu. Iliyobaki ilikuwa springi, nayo haina kizibo. Tulitoa boliti fupi zote kwanza. Zile ndefu tulizilegeza kidogo kidogo, yeye upande wake na mimi wangu, mpaka kifuniko kikawa kinacheza mkononi na springi haina tena wa kumsukuma.

Kosa lilikuwa dogo. Ganda la mpira wa zamani lilibaki limeng'ang'ania kwenye ukingo wa chini. Tukalikwangua, tukapangusa, tukaunda upya kwa utaratibu uleule. Safari hii povu lilitulia kama maziwa yaliyopoa.

"Nimeumwaga," fundi alisema kila mara baada ya siku hiyo, kabla ya kugusa boliti, na karakana nzima ikafuata. Aliyesema "nimefunga" aliulizwa na watu watatu kwa pamoja: wapi?

Lakini siku hiyo meneja hakusifu. Aliinama, akaweka sikio karibu na ukingo, akasikiliza huku upepo ukiwa umejaa, kisha akajinyoosha.

"Pipa ya pili navuja vilevile," akasema. "Leta hapa."

Fundi alianza kusafisha meza kabla meneja hajamaliza kusema. Stoo ya kuhesabu magunia sikuingia, isipokuwa nilipokwenda kuchukua mpira.