Kufuli Tatu za Ghala la Pamba

Kalisti hakujua kukaa. Ukimkaribisha kigoda, atakalia nusu, huku miguu yake iko tayari kwa safari. Chakula alikula amesimama, na kanisani shingo ilikuwa mlangoni kabla padri hajamaliza. Mkewe, Paskalia, alisema mumewe alizaliwa na siafu miguuni. Watu wa Kishapu walimcheka, lakini walimpenda, maana sisi wengine tunajuana: tutasema kesho, na kesho ikifika tutasema kesho. Jambo lililokwama lilimhitaji Kalisti.

Ujanani alikwenda kuchimba dhahabu Geita. Huko kambini yeye na wenzake, Wasukuma, Wasumbwa na Wazinza, walianzisha chama cha kuuguzana na kuzikana. Kilikuwa chama kizuri, ila sanduku lake na ufunguo wake vilikaa kwa mtu mmoja, mpole, mcha Mungu. Siku mcha Mungu huyo alipotoweka, chama kikatoweka naye, na mwenzao aliyefariki juma lile walimzika kwa blanketi la kuazima. Kalisti aliondoka huko na hasira ambayo haikupoa tena.

Basi mwaka wa hamsini na tatu, wakulima wa pamba walipoamua kuungana na kupima pamba yao wenyewe kabla ya kumpelekea mnunuzi, kwa sababu mizani ya mnunuzi ilikuwa na mambo yake, nani alikimbia kijiji hadi kijiji kuwaamsha watu? Kalisti. Ghala likajengwa kwa matofali ya udongo na bati. Siku ya mkutano akasimama katikati ya watu.

"Mlango uwe na kufuli tatu, kwa watu watatu wa vijiji vitatu! Asifungue mtu mpaka wote wapo."

"Na atakayefungua peke yake?" aliuliza Mageni, mwenyekiti wao, mzee mtaratibu asiyepoteza neno.

"Anyimwe moto!"

Watu wakaguna. Kunyimwa moto ni adhabu ya nzengo, yaani jamii nzima ya kijiji, tangu enzi za mababu. Aliyenyimwa moto haendi kwa jirani kuomba kaa la kuwashia jiko. Salamu yake haiitikiwi, shamba lake halisaidiwi, hata akifiwa atachimba kaburi mwenyewe, mpaka achinje ng'ombe awalishe watu. Kuiingiza adhabu hiyo kwenye chama kipya chenye muhuri lilikuwa jambo geni. Kalisti akashikilia, akabishana, akatoka jasho, mwisho wakapitisha. Ufunguo mmoja akapewa Mageni, wa pili Valerian, mkulima wa ng'ambo ya mto, na wa tatu yeye mwenyewe.

Alasiri moja ya Agosti, mwezi ambao Kishapu hata umande ni hadithi, wingu jeusi likaja kutoka upande wa ziwa. Pamba ya watu ilikuwa imelundikwa nje ya ghala, ikingoja kupimwa. Mageni alikuwa msibani, Valerian amepeleka ng'ombe kunywesha. Mtu akatumwa mbio kuwaita wote wawili.

"Watafika sasa hivi, Baba Apolonia," wanawake wakamwambia Kalisti, wakimwita kwa jina la bintiye. "Tungoje kidogo."

Kungoja! Kalisti alikwenda mlangoni, akaenda barabarani, akarudi mlangoni. Tone la kwanza lilipomwangukia mkononi, akafungua kufuli yake, akanyakua shoka, akazivunja zile mbili. Akabeba magunia mawili mawili, akiimba na kuwahimiza wanawake, na gunia la mwisho lilipoingia mvua ikamwagika kweli kweli. Pamba ikabaki kavu.

Mageni alifika ameloa chapachapa. Akaitazama pamba, kisha akazitazama kufuli zilizolala matopeni.

"Ahsante, Baba Apolonia. Umetuokoa," alisema. Kalisti akachekelea. "Jumapili tukutane, tuzungumze habari ya mlango."

Kalisti alikwenda mkutanoni akidhani anakwenda kupongezwa. Lo! Aliposikia kwamba kinachozungumzwa ni yeye kunyimwa moto, aliruka kama aliyekanyaga kaa.

"Mlitaka ioze? Wewe Generosa, si gunia lako nililobeba? Sema!"

Generosa alikuwa mjane, na pamba ile ndiyo iliyokuwa tegemeo lake la mwaka mzima. Machozi yalimlenga.

"Ni langu, shemeji. Mungu akubariki. Lakini ulifungua peke yako."

"Kulikuwa na mvua!"

"Ilikuwepo," Mageni akasema. "Mwaka huu ni mvua, na wewe ni mtu mwema. Mwakani atavunja mwingine, naye atakuwa na mvua yake. Sheria ni msumeno, baba. Na wewe ndiye uliyeutia meno."

Mikono ikanyooshwa kupitisha adhabu, na wa Generosa ukiwemo.

Asubuhi iliyofuata Kalisti alisimama njiani. "Mwangaluka!" akawaamkia majirani waliokuwa wakienda kisimani. Wakapita wanaangalia miguu yao. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Akapaza sauti ili asikiwe hadi nyumba ya tano: "Moto? Nani anataka moto wenu? Nina kiberiti mimi!"

"Na hicho kiberiti kitakuitikia salamu?" Paskalia akamwuliza.

"Tunahama! Runzewe kuna pori tele, tutafyeka upya. Watu gani hawa wasio na shukrani?"

Paskalia aliendelea kupepeta mtama. "Tulihama Geita. Tukahama kwa wajomba zako, tukahama Kahama. Kote huko watu walikuwa wabaya, mwema wewe tu. Nenda, Baba Apolonia. Ukifika utusalimie."

Akaenda kweli. Alitembea mpaka vijiji vya mbele, akaketi kando ya njia, akalia, mwanamume mzima, kwa hasira na kwa uchungu. Kisha akageuza. Si kwamba alikubali kosa, hakulikubali kabisa. Kimya kilimshinda, basi. Akaenda zizini, akamfungua fahali wake mweusi, akamswaga hadi ghalani.

Siku ile watu walikula, wakacheka, wakamsalimia hata mara mbili mbili kana kwamba wanalipa za nyuma. Generosa alimletea maini kwa mikono miwili. Kufuli mpya zilikuwa zimeshafungwa, na ufunguo wa Kalisti amepewa Bartholomeo, mtu mzito ambaye kumaliza sentensi kwake ni safari. Kalisti akamtazama, mikono ikamwasha. Akasogea karibu na Mageni.

"Mzee, na kama ningehama kweli?"

Mageni akamaliza kutafuna. "Tungelia sana."

"Halafu?"

"Halafu Jumatatu tungepima pamba."

Kalisti akairudisha nyama sahanini. Alitaka kusimama, alitaka kupiga kelele, wala hakujua ampigie nani, maana hiki ndicho alichokipigania miaka yote: chama ambacho mtu akiondoka, hakiondoki naye. Ila hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba mtu mwenyewe ni yeye.