Kosa Alilolifundisha Baba

Mwezi uliopita nilirudi Sumbawanga kumzika baba. Basi lilipofika uwandani kwetu Ufipa nikaziona ntumba dirishani. Unazijua? Vile vichuguu vya udongo tunavyofukia nyasi zioze, juu tukapanda maharage. Mvua za mwaka wa pili unavipasua, unatawanya udongo, unamwaga ulezi. Ni kazi ya misimu miwili, na kwetu anayeiacha katikati ni sawa na aliyeinjika chungu akaondoka. Nikalia mle ndani ya basi bila aibu, mpaka mama mmoja akanipa khanga yake nijifutie.

Baba alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Watu walimwita Daktari wa Vichaa, naye akacheka tu. Siku za kazi alikuwa hospitalini mjini. Mimi likizo zote nilikaa kijijini kwa bibi, mama yake, na kila Jumamosi baba alikuja na akodiani yake. Bibi aliimba nyimbo za kulimia ulezi, baba akazifuatisha, kisha akaziandika daftarini, do, re, mi.

"Rudia hapo, mama."

"Mwanangu, umesoma Ulaya yote hiyo, wimbo wa jembe unakushinda?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, huku maharage yaliyoungwa kwa karanga yakinukia nyumba nzima. Loo, siku zile! Nilidhani watu wote duniani wanaishi hivyo.

Kisha tukahamishwa. Ndio wakati wa vijiji vya Ujamaa, nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara, na mashamba ya zamani yakapigwa marufuku. Ntumba za bibi zikabaki ng'ambo ya mto, nyasi zikiendelea kuoza ndani. Desemba mvua zilipoanza, bibi naye akaanza kupotea. Alfajiri kitanda kitupu, adhuhuri anarudi na matope hadi magotini, hasemi alikotoka. Majirani wakanong'ona kwamba bibi mzaa daktari akili zimemruka.

Mimi nilijua. Siku moja nilimnyatia mpaka ng'ambo, nikamkuta anapasua ntumba zake moja baada ya nyingine, anaimba. Hakunigombeza. Alinipa jembe dogo tukalima wote. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Mjukuu wangu, baba yako asijue. Yule ni mtu wa serikali. Akijua, itambidi achague kazi yake au mimi. Usimtwishe mzigo huo."

Jumamosi ile baba alichuchumaa mbele yangu, akanishika mabega.

"Bibi yako huwa anakwenda wapi?"

"Sijui, baba."

"Huwa anaongea peke yake?"

Nikaona angalau hapo niseme ukweli. "Anaimba peke yake."

Alipomuuliza bibi mwenyewe, jibu lilikuwa, "Natembeatembea tu, baba." Basi. Daktari akafanya kazi ya daktari, akamwanzishia vidonge.

Jamani, vile vidonge! Bibi alilala mpaka jua la utosini. Mikono ikamtetemeka, ulimi ukawa mzito, akawa anamwagikiwa uji kifuani kama mtoto. Na mimi nikanyamaza, kwa kuwa niliahidi. Wiki mbili baadaye baba akampigia wimbo anaoupenda. Bibi alifungua mdomo, akaufunga. Hapo nikashindwa, nikaropoka yote huku nalia.

Baba hakunigusa. Alimwachisha dawa, na hali yake ilipotulia kidogo akambeba mgongoni mchana kweupe, mwenyekiti wa kijiji akitazama, akamvusha mto. Nusu ya shamba ulezi ulikuwa umeota vizuri. Nusu nyingine ntumba zilikuwa bado nzima, zimemezwa na magugu. Baba akavua koti, akashika jembe, akaanza kupasua kwa fujo, na viatu vyake vya mjini. "Tazama, mama, tunamalizia," akawa anasema. "Tunamalizia." Bibi alitazama ulezi, akatazama magugu. Kisha akauliza kwa adabu, kama mtu aliyepita njia:

"Mwanangu, hili shamba la nani?"

Alikufa bila kuuona ulezi ule ukivunwa, wala hakuimba tena. Mama yangu alisema ni uzee, uzee umemfika tu. Baba hakukubali. Alipiga akodiani harusini na kanisani, alitufundisha sote nota, alifundisha madaktari vijana hadi alipostaafu na hata baada ya hapo, lakini nyimbo za bibi hakuzigusa tena.

Baada ya mazishi alinijia daktari mmoja mwenye mvi, mwanafunzi wake wa zamani. Akaniambia kwamba kila mwaka, somo la kwanza, baba aliwasimulia habari za mama yake aliyempa dawa kwa sababu ya kwenda shambani. "Alikuwa akisema, sikumuuliza mtu mwingine yeyote pale nyumbani. Ndilo kosa langu. Nyinyi muulize."

"Mtoto hakumtaja?" nikamuuliza.

"Mtoto gani?"

Baba aliuliza, ndugu yangu. Aliniuliza mimi, akaniangalia machoni. Baba yangu, mtu asiyejua uongo, aliwadanganya wanafunzi wake miaka yote ile ili mimi nisiwemo. Nyumba ya bibi haipo, nyimbo zake hakuna anayezijua zote, na neno samahani, ambalo kila likizo nilisema nitamwambia baba kesho, nimebaki nalo mimi.